Karakana ya Uani na Subira ya Mbao

 Uwe Mbinga mjini na baridi yake, uwe Kigonsera au Maguu, uwe kule chini Lituhi, Liuli au Mbamba Bay ambako saa hizi watu wameketi nje wakipunga upepo wa Ziwa Nyasa, karibu tuzungumze.

Leo nina neno juu ya mbao. Sisemi zile zinazopakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Nasema ule ubao mmoja ulioegemeshwa ukutani nyuma ya nyumba yako, na kile chumba cha stoo uani kilichojaa magunia matupu na jembe lililovunjika mpini. Chumba kile kinatosha kuwa karakana. Na wewe, mwalimu, muuguzi, karani wa chama cha ushirika (AMCOS), mkulima wa kahawa uliyemaliza kuchuma, unatosha kukiingia jioni ukatengeneza kitu cha nyumba yako kwa mikono yako.

Nianze na stuli. Tuseme imetengenezwa Mbinga mjini mwezi wa nne, mvua hazijakatika, ikapakiwa kwenye basi na kushushwa Mbamba Bay. Njia ni kilomita 66 za lami, na ndani ya hizo kilomita 66 umeteremka kutoka nchi iliyo juu zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani, ambako uso wa maji hauzidi mita 500 kutoka usawa wa bahari. Juu umeacha ukungu na nguo zisizokauka siku mbili. Chini umekuta jua na upepo. Ikifika Agosti, stuli ile imepasuka kikalio katikati, na miguu inacheza kwenye matundu yake. Aliyeinunua atasema fundi kamwibia. Fundi atasema mteja kaiweka juani. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea matumizi. Ubao ulikuwa mbichi.

Hilo ndilo jambo langu la leo, na naomba uniruhusu nilieleze taratibu, maana likieleweka mengine yote ni mepesi.

Mti uliosimama umejaa maji. Kwa miti mingi maji hayo hufika nusu ya uzito wa mbao yenyewe ikiwa kavu, na mingine huuzidi uzito huo. Ukiuangusha na kuupasua, maji yaliyo huru ndani ya vijishimo vya mbao hutoka kwanza, na hapo ubao haubadiliki umbo, unapungua uzito tu. Baadaye huanza kutoka yale yaliyoshikana na kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndipo ubao hunywea. Haunywei urefu wake, au hunywea kidogo mno kiasi cha kutoonekana. Hunywea upana. Tena upana haunywei sawasawa: kufuata mduara wa zile pete unazoziona kwenye kichwa cha gogo, ubao hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kwenye moyo wa mti kwenda kwenye gamba. Ndiyo sababu ubao mpana uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja ukawa kama mfereji. Na ndiyo sababu meza uliyoipigilia misumari ikiwa mbichi itapasuka tu, hata misumari iwe ya namna gani, kwa kuwa misumari inaushika ubao mahali ambapo wenyewe unataka kusogea.

Dawa yake haina siri. Ni kungoja. Mafundi wengi duniani hukadiria mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila inchi moja ya unene. Hilo ni kadirio tu. Ufukweni mbao zitawahi, kwenye milima ya Umatengo huku Mbinga zitachelewa. Lakini hata ukikata muda huo nusu, bado ni miezi. Sasa niambie, fundi mwenye kibanda pale mjini, mwenye kodi ya pango, mwenye vijana wawili wanaotaka kula mchana, na mteja aliyelipa arubuni ya kitanda kwa sababu harusi ni Jumamosi ijayo, ataitoa wapi hiyo miezi? Simlaumu hata kidogo. Angengoja, angekufa njaa.

Wewe wa karakana ya uani unao huo muda. Hakuna anayekusukuma. Mshahara wako unatoka kwingine, au kahawa yako imeshakwenda mnadani. Ubao wako unaweza kulala kivulini msimu mzima usikudai kitu. Watu wakisikia ufundi wa nyumbani hudhani ni mchezo, kazi ya chini kuliko ya fundi wa kweli. Mimi naiona kinyume: kwa jambo hili moja la kungoja mbao zikauke, mtu wa nyumbani amekaa mahali pazuri kuliko fundi wa mjini, na kazi yake ikifanywa kwa uangalifu itadumu kuliko nyingi zinazouzwa barabarani.

Wenzetu wa Canada, Ujerumani na kaskazini mwa Marekani wamelijua hilo zamani. Nyumba nyingi kule zina chumba chini ya sakafu, na theluji ikifunga njia, daktari au dereva wa basi hushuka ngazi akawasha taa na kushika randa. Sisi hatuna chumba cha chini ya nyumba wala theluji. Tuna uani, na tuna kiangazi kirefu kuanzia Mei hadi Oktoba, ambacho kwa kukausha mbao ni neema ambayo mtu wa nchi ya baridi angeilipia fedha.

Mbao utazitoa wapi? Usikimbilie msitu. Ukiwa Mbinga, tazama shamba lako la kahawa. Miti ya grevilea uliyoipanda kwa kivuli, iliyokwisha kuwa minene na inayohitaji kupunguzwa, ni mbao nzuri ambayo tumezoea kuigeuza kuni. Ipasue kwa kupita kwenye moyo wa gogo na utaona mabaka yanayong'aa yakikimbia juu ya ubao, urembo ambao watu wa nchi nyingine huutafuta kwa makusudi. Vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi, basi vaa mikono mirefu. Ukiwa ufukweni, tazama mwembe mzee ulioangushwa na upepo. Mbao ya mwembe ina rangi ya kahawia yenye michirizi mieusi, haina ugumu wa kutisha, na inachongeka vizuri. Ila haina subira: ukiacha gogo la mwembe chini wiki kadhaa, ukungu na bungua watalifika kabla yako. Lipasue mapema, lipange mapema. Utomvu wake mbichi nao una ukali kwa ngozi.

Mkaratusi ni mgumu na unapatikana, lakini una nguvu zilizojibana ndani tangu ukikua, na mara nyingi unapasuka kichwani siku ileile ya kuangushwa, kisha mbao zake zinapinda. Mtu anayeanza auache. Msonobari ni laini, unafaa kwa rafu na masanduku, na unaingia msumari bila kulia. Mitiki, kwa walioipanda, ni mali.

Nimeuacha mninga mwisho kwa heshima. Hakuna mbao ya nchi hii inayotulia kama mninga. Ukikauka hunywea kidogo sana, hupigwa randa ukateleza, na rangi yake haihitaji msaada wa dawa yoyote. Ndiyo maana milango na makabati ya wazee wetu ya mninga bado yamesimama. Lakini mninga una maisha magumu. Mche wake, kwa miaka kadhaa ya mwanzo, hukauka sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikirudi, huku chini ukijenga mzizi tu. Ukipita msituni unaweza kudhani ni jani la msimu, kumbe ni mti unaojiandaa. Halafu hadi ufae kupasuliwa inapita miongo mingi. Mti wa namna hiyo haukatwi ovyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka vibali, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wenye kusimamia misitu ya serikali. Ukiuziwa mninga, dai risiti na uulize hati ya kusafirishia. Ukiona unashushwa usiku kwa bei ya kutupa, achana nao, hata kama ni ubao mmoja tu wa kutengenezea kasha la Biblia.

Basi umepata gogo lako la grevilea na wapasuaji wamekupasulia. Waambie inchi moja kwa nane, na chache za mbili kwa kumi na mbili kama gogo linatosha. Nitakuambia za kazi gani. Chenso hula mbao nyingi na kuacha uso wenye mawimbi, kwa hiyo waombe waongeze unene kidogo utakaoliwa na randa. Siku hiyohiyo, usingoje kesho, paka vichwa vya mbao rangi yoyote ya mafuta iliyobaki kwenye kopo. Maji hutoka upesi sana kupitia vichwani, na nyufa nyingi huanzia hapo. Kisha panga. Weka matofali au mawe chini, mbao zisiguse udongo, maana mchwa wa kwetu hawahitaji mwaliko. Kati ya ubao na ubao tia vijiti vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa upande, ubao utapinda pale na utakaukia na kipindo chake. Juu kabisa weka mawe mazito. Mrundo uwe kivulini, upepo unapita, mvua haifiki. Jua kali ni adui, hulikausha gamba la ubao huku moyo wake bado una maji.

Utajuaje zimekauka? Mafundi hugonga kwa kidole wakasikiliza, na wazoefu hawakosei sana. Kwa mtu anayeanza iko njia ya uhakika zaidi. Kata kipande cha ubao huohuo, kikae kwenye mrundo na wenzake, na kila wiki mbili kipeleke kwenye mizani ya dukani. Andika uzito wake ukutani kwa chaki. Utashuka, utashuka, halafu utakoma kushuka. Siku utakapokoma, hewa ya mahali pako na ubao wako wamepatana. Kama kitu chenyewe ni cha kupeleka ziwani kwa shemeji, mbao zipelekwe kwanza zikakae huko wiki kadhaa kabla hazijaunganishwa. Ile stuli ya Mbamba Bay ingepona kwa hilo tu.

Sasa msikilizaji wa ufukweni ananiambia: mbona mitumbwi yetu inachongwa mbichi? Swali zuri, na jibu lake linafunua ustadi mkubwa wa wachongaji wa Nyasa. Mtumbwi wa ziwa letu unatoka kwenye gogo moja, kama mkangazi, ambao ng'ambo ya Malawi wanauita mbawa. Mdomo wake ni mwembamba na mbavu zake zimetuna, mvuvi anaketi juu ya ukingo na miguu kuiingiza ndani. Mchongaji anauchimba kwa shoka na tezo gogo likiwa bichi kwa sababu mti mbichi unakubali chuma. Mkavu ungemmaliza mikono. Anaepuka nyufa kwa kuondoa ile sehemu ya moyo, ambayo ndiyo chanzo cha ugomvi, na kwa kuziacha kuta unene unaokaribiana, ili zinywee kwa mwendo mmoja. Halafu haanzi safari; anauacha mtumbwi kivulini, umefunikwa, ukauke polepole. Hakuna kiungo cha kuachia, hakuna msumari wa kuzuia. Kitu kizima, kipande kimoja, kinanywea chote kwa pamoja.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kinachochimbwa kwenye kipande kimoja, kichonge kibichi. Mwiko, upawa, kinu, bakuli, mtumbwi. Kinachounganishwa, kiti, meza, kabati, kasha, kingoje. Mtu akiyatenganisha hayo mawili ana kazi ya kufanya mwaka mzima: mvua zinaponyesha na mbao za viti zimelala kwenye mrundo, yeye anachonga miko.

  Ufundi wa kuunganisha mbao una historia huku juu: Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na mabruda mafundi. Misheni ilichomwa wakati wa Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya, na karakana ya seremala ikawa sehemu ya maisha yake. Vijana wengi wa Ruvuma walijifunza randa pale, na ufundi wao ukaenea parokia hadi parokia. Nenda kanisa la zamani, inama utazame chini ya benchi. Utaona ulimi wa ubao umeingia kwenye tundu la mguu, umebanwa kwa kigingi cha mti, bila msumari. Mtu wa karakana ya nyumbani asome hapo, ni shule ya bure.

Vifaa vyenyewe si vingi. Msumeno wa mkono wenye meno makali. Randa moja. Patasi mbili, nyembamba na pana. Nyundo ya mti au rungu. Skwea, futi, penseli, kekee. Na kinoo, kinoo, kinoo. Narudia kwa sababu watu hununua patasi ya bei wakasahau jiwe la kuinolea. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa kuwa unaisukuma kwa nguvu ikateleza. Noa mpaka iweze kunyoa ukingo wa karatasi bila kuuchana. Meza ya kazi itengeneze mwenyewe kwa mbili kwa nne, nzito, isiyotikisika, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono wako ukiwa umesimama umeuachia mkono. Iweke mbele ya dirisha. Vibanio vya chuma ni ghali, lakini mpira wa ndani wa baiskeli, ukikatwa vipande virefu na kuzungushwa kwa kuvutwa kwenye viungo vilivyopakwa gundi, unabana vizuri kabisa, tena unafuata umbo lolote, hata la mguu wa mviringo. Ukihitaji nguvu zaidi, kamba na kabari. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Nilisema za mbili kwa kumi na mbili nitazieleza. Hizo ni za bao. Mchezo huu unachezwa Zanzibar, unachezwa Malawi, na ziwa letu liko kwenye njia yake; lakini mbao nyingi za bao ninazoziona vijiweni siku hizi zimechimbwa haraka, mashimo hayalingani, na kete zinanasa pembeni. Bao ni kazi inayomfaa sana mtu wa nyumbani. Chukua ubao wa urefu wa sentimita 75 hivi, upige randa uso wote mpaka rula ikilazwa juu yake mwanga usipite chini. Gawa kwa penseli safu nne, kila moja mashimo manane, jumla 32, ukiacha nafasi ncha mbili za kuwekea kete za akiba. Chora miduara kwa kikombe kidogo. Halafu chukua patasi iliyopinda kama kijiko; kama huna, fundi chuma atakufulia kutokana na chuma cha springi ya gari.

Hapa nakuomba ukae karibu. Katika kuchimba shimo, mkono huanzia ukingoni na kushuka kuelekea katikati. Usivuke katikati kupanda upande wa pili. Ukipanda unakata kinyume na nyuzi, nazo zitainuka na kuchanika, shimo libaki na manyoya. Shuka kutoka upande huu hadi chini, geuza ubao, shuka kutoka upande wa pili, mikato ikutane chini kabisa. Chipsi zitoke nyembamba, zimejikunja. Zikianza kutoka kama unga, patasi imekwisha makali. Kina kisizidi sentimita tatu, ubaki na sakafu imara. Nyumba, lile shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwa kila mchezaji katika safu yake ya mbele, ichimbe ya mraba, pembe zake zikatwe kwa patasi bapa iliyosimama wima. Malizia kwa msasa uliozungushwa kwenye mpira wa mtoto au kiazi. Kisha yeyusha nta ya nyuki, ichanganye na mafuta kidogo, paka ikiwa ya uvuguvugu, futa kwa kitambaa. Kete 64 za komwe zikidondoka mle ndani zinatoa mlio mmoja, shimo kwa shimo, kwa sababu kina ni kimoja.

Lazima niseme la hatari, tena kwa uzito. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Mninga, pamoja na uzuri wake, vumbi lake huwabana wengine kifua. Chumba chako ni kidogo; vumbi halina pa kwenda. Kazi ya msasa ifanyie nje, upepo ukiwa mgongoni, umevaa barakoa ya kubana vizuri puani. Zoa kila jioni kwa kunyunyiza maji kwanza. Usiwalaze watoto chumba hicho. Na kama unatumia mafuta ya kitani, matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa pembeni: hujipasha joto yenyewe yakikauka na yanaweza kushika moto bila kiberiti. Yatandaze nje mpaka yawe makavu, au yaloweke kwenye maji.

Watoto nimewataja, na hapo pana jambo ninalolipenda kwa dhati. Huko Finland, Uno Cygnaeus aliifanya kazi ya mikono kuwa somo la shule tangu mwaka 1866. Jirani yao Sweden, Otto Salomon akafungua pale Nääs chuo cha walimu ambacho kililetewa wanafunzi kutoka nchi nyingi. Salomon alianza na kisu, kwa vitu vidogo vya nyumbani, vya kutumika kweli. Hakutaka kuzalisha maseremala. Alitaka mtoto ajifunze kutazama, kupima na kuheshimu kazi. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka kichwa na mikono visitengane shuleni, na tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kuingia katika sekondari zetu. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini shule peke yake haitaweza, maana mtoto atakaa na patasi dakika arobaini kisha kengele itagonga. Kuujua mti kunataka jioni nyingi zisizo na kengele. Mzazi mwenye kona yake uani anampa mtoto jioni hizo. Mpe kisu kidogo chenye makali, kipande kibichi cha grevilea, umfundishe kukata kwa kuelekea mbali na mwili, umwache achonge mwiko. Wasichana pia, mkono hauulizi.

Na wale wazee wachongaji wa ufukweni. Magogo makubwa yamepungua na mitumbwi ya mbao za kuunganisha inashika nafasi. Siombi miti mikubwa ikatwe ili ufundi ubaki. Naomba tezo isizikwe na mwenye nayo. Mzee anayejua kuchimba mtumbwi wa mita tano anaweza kumfundisha kijana kuchimba bakuli la sentimita thelathini kwa tezo ileile, kwa macho yaleyale ya kuusoma moyo wa mti na kulinganisha unene wa ukuta. Kijana wa Mbinga ana pikipiki, na lami hadi Mbamba Bay. Ateremke Jumamosi moja Liuli au Lituhi, apige shikamoo, aketi, atazame. Abebe na sukari.

Mvua zetu zinaanza Novemba kuelekea Desemba. Kama kuna mti wa kivuli unaotaka kupunguzwa shambani, au mwembe umeangushwa na upepo, upasue sasa, paka vichwa vyake rangi, tia vijiti, weka mawe juu, na uandike tarehe ukutani. Ukingoja mvua zifike ndipo upasue, utakuwa umepoteza kiangazi kizima.